Kobe wa Alhamisi

Bagamoyo, Jumamosi, 11 Januari 2025

Mwanangu Mazin,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu shikamoo yako mpaka ifike hapa itakuwa imeshapoa. Sisi wazima. Binti yangu Kholood mzima, duka la halua linakwenda, na mjukuu wangu Lulu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa pamoja, sasa anakataa kucheka mbele ya wageni. Paka uliyemwacha mdogo amezaa tena, mara hii ndani ya kabati la marehemu baba Kholood. Nimemwachia kabati.

Utajiuliza kwa nini shangazi yako anaandika barua na simu anayo. Simu yangu lazima niiweke sauti ya juu ndipo nisikie, na nikiiweka sauti ya juu Kholood husikia kutoka jikoni, na jirani Mwaija husikia kutoka kwake, kesho yake huja kuniuliza maswali. Karatasi haina kelele. Mfanyabiashara Batuli anakuja Maskati kesho kutwa na makopo ya halua, na hii nimeisokomeza chini ya kopo la tatu.

Sasa hili gari la umeme ulilonitumia mwaka juzi. Nalipenda, Mungu akulipe. Halitoi moshi, halipigi kelele, na tangu Kholood alibandike THURAYA HALUA kwa herufi nyekundu puani, pale mbele chini ya taa, watoto wa mji mzima wananipungia. Lakini huu ni mwezi wa pili sasa linaniwashia taa. Kwanza inakuja alama ya kobe, ya njano. Wallahi kobe, na miguu yake minne, nimekuchorea pembeni. Kisha linaandika sentensi ya Kijapani, nayo ya njano, kisha linaanza kutembea mwendo wa huyo kobe. Nakanyaga, haliendi. Nabembeleza, haliendi. Nikikaa nusu saa kando ya njia, kobe anazimika na gari linaondoka, utasema halikufanya kitu. Mjini halinifanyii hivi hata siku moja. Ni Alhamisi tu.

Fundi Osama alifungua boneti, akatafuta mahali pa kupima oili, hakupaona, akafunga boneti na kunipa pole ya msibani. Kholood naye ameapa: taa hiyo ikiwaka tena naye akajua, Idi ikipita gari linauzwa, tununue guta la magurudumu matatu la kupelekea halua. Mazin, gari hili likiuzwa, Alhamisi zangu zimekwisha. Usiniulize Alhamisi ni nini. Niambie tu kobe anataka nini.

Shangazi yako,
Thuraya


Maskati, Jumapili, 26 Januari 2025

Shangazi yangu Thuraya,

Pokea basi shikamoo ya pili, ya kwanza umeshaiitikia. Mimi mzima, mama anakusalimu na anauliza kama bado unaugua goti. Gereji tumeletewa msimamizi mpya anayekunywa chai bila sukari, hatumwamini. Halua imefika makopo mawili. La tatu Batuli anasema lilifunguka lenyewe ndani ya ndege.

Mchoro wako wa kobe nimeucheka mpaka wenzangu wakaja kutazama. Umebandikwa ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Sasa nisikilize, maana kobe huyu ndiye anayenipa riziki. Gari la umeme halina injini, lina mota, na mota ina mlinzi wake ambaye ni kompyuta. Mlinzi akiona mota inaelemewa, hakungojei uamue wewe. Anaipunguzia nguvu ili isiungue, na hapo ndipo anapowasha kobe. Kwa hiyo usimchukie kobe, anaokoa mota yako. Tunachotafuta ni kile kinachoielemea.

Rangi ndiyo ya kuangalia. Njano, anakuarifu: nenda pole pole, tafuta pa kupumzika. Nyekundu, anakuamuru: simama hapo hapo, zima, shuka. Maadamu umeona njano tu, hujaharibu kitu. Na mwambie Fundi Osama asiguse zile nyaya nene za rangi ya chungwa. Zina umeme wa kumtoa duniani, na sisi tunampenda.

Nijibu haya yote bila kuruka. Kobe huwaka baada ya mwendo wa muda gani? Huwa umebeba nini? Saa ya kilomita inasoma ngapi ukiondoka na ukirudi? Betri asilimia ngapi ukiondoka na ukirudi? Na la tano, je, kuna kitu chochote kinaziba pua ya gari pale mbele, tope, majani, gunia, chochote? Nyuma ya pua kuna rejeta inayopoza maji ya mota. Ikikosa upepo, mota inachemka.

Alhamisi ina nini, nimekatazwa kuuliza, basi siulizi. Lakini akili yangu imekaa pale pale.

Mwanao,
Mazin


Bagamoyo, Ijumaa, 14 Februari 2025

Mazin mwanangu,

Marahaba, na mwambie mama yako goti limepona, siku hizi hata ngazi napanda bila kushika ukuta. Lulu ameota jino moja, limekuja upande. Mwaija amenunua jiko la gesi na analiogopa, anapika kwangu.

Nimefanya ulivyosema, tena kwa daftari. Alhamisi ya wiki iliyopita, tarehe sita, nimeondoka saa ya kilomita inasoma 41,208, betri tisini na sita. Nimerudi alasiri saa inasoma 41,351, betri hamsini na tano. Kobe amewaka baada ya saa nzima ya mwendo, mbele ya daraja la Wami. Nilichobeba ni kopo moja la halua na mimi mwenyewe, na mimi nimepungua. Kurudi, akawaka tena. Huko nakwenda kufuata ufuta wa kunyunyizia halua. Basi, ndiyo Alhamisi hiyo, umeridhika.

Ngoja nikupe kisa. Kobe alipowaka nikawa natambaa ukingoni mwa njia. Akaja mtu wa baiskeli na magunia mawili ya mkaa, akanipita. Akageuka, akanitazama, akapunguza mwendo tukawa sambamba. Akaniuliza, "Mama, limeishiwa mafuta?" Nikamwambia halitumii mafuta. Akasema, "Basi ndiyo maana," akakanyaga pedeli akaniacha. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakaniziba njia.

Kholood ananitazama sana. Jana ameniuliza kwa nini mtu anajifukiza udi kwenda kununua ufuta. Nikamwambia ufuta nao una heshima yake. Ananuna, anasema gari litaniacha porini, na amekwishaanza kuulizia mnunuzi huko Zinga. Fanya haraka.

Shangazi yako


Maskati, Jumapili, 2 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Leo nimefunga na gereji nzima inanuka sambusa za jirani. Mama amefurahi kusikia habari za goti, ila anasema goti la mwanamke wa miaka sitini na moja haliponi hivi hivi. Hayo ni maneno yake.

Daftari lako nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama fundi, mara ya pili kama mpwa wako, mara ya tatu nikiwa nimekaa sakafuni.

Umetembea kilomita mia moja arobaini na tatu. Betri ya gari lile, kwa umri wake, ikijaa inatoa mia na sabini. Ulipaswa kurudi na asilimia kumi na kitu, tena ukiomba dua. Umerudi na hamsini na tano. Betri haijishibishi yenyewe, shangazi. Kuna mtu anakuchajia gari. Na kwa umeme wa kawaida wa nyumbani, kurudisha kiasi hicho ni saa tano au sita za kuchomeka. Nusu ya njia ni kilomita sabini na kidogo, umevuka Wami, na marehemu baba alikuwa akinunua ufuta huko, kwa hiyo ni Mkange. Sasa mtu anakaa Mkange saa sita, kila Alhamisi, akisubiri gari lijae, anafanya nini? Na ufuta gani huo unaofuatwa mwezi wa pili, wakati uko shambani haujafika hata magotini?

Nani anakuchajia gari?

Kuhusu mota nina jibu moja tu, ni joto. Inachemka kwa mwendo mrefu, ikipumzika inapoa. Mjini huendi mbali, haipati nafasi ya kuchemka. Lakini hata mwendo mrefu peke yake haupaswi kuichemsha, kuna kinachoizuia kupoa. Nilikuuliza maswali matano, umejibu manne. La tano umelipita pembeni ukanipa mtu wa mkaa. Pua ya gari ina nini?

Mpwa wako, ambaye si mjinga,
Mazin


Bagamoyo, Jumatano, 12 Machi 2025

Mazin mwana wa Hamed,

Marahaba. Lulu hajambo, paka hajambo, Mwaija hajambo. Leo habari za nyumbani ni hizo tu.

Anaitwa Mwinyijuma. Umri wake ni wangu na miaka miwili juu. Mkewe alifariki kabla ya baba Kholood. Analima ufuta na minazi kidogo Mkange, na paa la nyumba yake limejaa sola mpaka kuku hawana pa kutua. Nilikwenda kwake mwaka jana mwezi wa kumi kwa ufuta kweli, gari sikulijaza vizuri, betri ikaniishia uani kwake. Akaleta waya. Tukakaa kibarazani kusubiri, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye changu, na dada yake Mwanajuma katikati anachambua mchele, na hachezi huyo, akikohoa tu mtu anarudisha kiti nyuma. Saa sita, Mazin. Sikumbuki mara ya mwisho niliyocheka saa sita. Nilipofika nyumbani nikajikuta nahesabu siku mpaka Alhamisi ijayo, na ufuta ninao gunia zima.

Sasa lile gumu. Huyu si mgeni kwetu. Mwaka 1983 nilipokuwa na miaka kumi na tisa, alileta posa. Babu yako alikuwa ameshafariki, walii wangu alikuwa baba yako. Kaka Hamed akawaambia washenga kwamba sisi watu wa biashara hatuozeshi kwa wakulima, akawarudishia sinia lao na tambuu yake haijaguswa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia. Sikusema neno. Nikaolewa na baba Kholood, mtu mwema, sina la kumlalamikia, Mungu amrehemu. Wala kaka yangu sikumchukia. Lakini lile sinia nimeliona miaka arobaini.

Ameniuliza tena, na mara hii nimejibu mwenyewe. Nimemwambia ndiyo. Ila ndoa haisimami bila walii, na baba yangu hayupo, kaka hayupo, mtoto wa kiume sina. Umebaki wewe. Mtoto niliyembeba mgongoni ndiye anayenishikia mlango. Nakuomba, Mazin.

Na swali la tano. Jina langu limeandikwa puani pale kwa herufi za kuonekana kutoka mwezini. Kila Alhamisi nikishatoka mjini nasimama, nachukua baibui langu kuukuu, nalifunga gari uso, kamba huku na kamba huku, ili watu wa njiani wasijue ni Thuraya anayepita kwenda kwa mwanamume. Nikikaribia mjini nalifungua. Nilijua ulipouliza tu. Niliona haya.

Shangazi yako


Bagamoyo, Alhamisi, 24 Aprili 2025

Mazin,

Salamu. Wote wazima.

Ramadhani imepita, Idi imepita, na Idi yako nimeipata kwa simu ya Kholood, ukisema "Mpeni shangazi mkono wa Idi," basi, hakuna lingine. Barua yangu najua uliipata, Batuli ameapa alikupa mkononi. Leo Alhamisi niko nyumbani. Ni ya sita hii siendi. Mwinyijuma haulizi kitu, ananiletea salamu tu kwa watu wa ufuta, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Sikulaumu. Wewe ni mtoto wa baba yako, na kama jibu ni lile lile, usijisumbue kuliandika, nimeshawahi kulisikia. Nimemwambia Kholood mnunuzi wa Zinga aje Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Gari sina kazi nalo tena.

Thuraya


Maskati, Jumamosi, 3 Mei 2025

Shangazi yangu, shangazi yangu,

Shikamoo mara elfu, na usiuze gari.

Nilikujibu, wallahi nilikujibu siku ile ile. Barua yako ilifika tarehe kumi na saba Machi, na jioni yake nikampa Alawi, yule mtoto wa mjomba wa mama, aliyekuwa anaondoka kuja huko. Mimi nikakaa hapa nangoja vigelegele vya simu. Kimya. Nikasema labda yeye na mzee wake wamesubiri Idi. Nikasema labda ananiona mtoto, amekwenda kwa kadhi awe walii wake. Simuni sikutaja kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia Kholood anasikia kutoka jikoni. Jana nimepata hii yako ya Aprili, nikampigia Alawi. Yuko Mombasa. Alishuka huko kwa harusi ya siku tatu, sasa ni wiki ya saba, na barua yangu imo ndani ya koti la harusi na koti limo kwa dobi.

Jibu ni ndiyo. Limo humu humu kwenye bahasha, limeandikwa rasmi mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao yule msimamizi wa chai bila sukari, ambaye alilia, tumeanza kumwamini. Linasema kwamba mimi Mazin bin Hamed nimemwakilisha Sheikh Najim wa msikiti wetu wa Bagamoyo amuozeshe shangazi yangu Thuraya kwa Mwinyijuma, kwa mahari atakayoitaka mwenyewe. Yale mengine niliyoyaandika katika barua ya Alawi siyarudii. Yalinitoa machozi mara moja, inatosha.

Sasa unisamehe, nimempigia Kholood. Nimemweleza yote. Nikadhani simu imekatika, kumbe anacheka hana pumzi. Amejua tangu Januari. Anasema watu wa Makurunge, pale njiani kwako, wote wanajua. Ulipokuwa unapita na jina lako puani hakuna aliyekutazama, ila ulipolivisha gari baibui, watoto wakaanza kulisubiri barabarani. Wanaliita gari la eda, kama mjane aliyejistiri. Na yeye alitaka kuliuza kwa hofu tu, asije mama yake akalala Wami peke yake. Mtu wa Zinga ameshaambiwa asije.

Kwa hiyo haya ndiyo maagizo ya fundi. Chukua baibui hilo, likunje, mpe paka azalie. Mota yako nzima kabisa, haikuwa na ugonjwa wowote, ilikosa upepo tu. Ukienda Mkange uso wa gari uwe wazi, na ukimwona kobe tena, nifukuze kazi.

Mwanao na walii wako,
Mazin


Mkange, Jumapili, 25 Mei 2025

Walii wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Lulu ana meno yote. Paka amelikubali baibui. Mwaija amesahau kuogopa gesi, maana alipika biriani ya watu themanini juu yake.

Nimeolewa Alhamisi, tarehe kumi na tano, na siku ile niliichagua makusudi. Wamekuja washenga na sinia la tambuu, na mara hii nimetoka mwenyewe nyuma ya pazia nikalipokea kwa mikono miwili, Sheikh Najim akajifanya anatazama dari. Mahari nimetaka gunia moja la ufuta. Mwinyijuma ameleta matatu. Kholood alipiga vigelegele akakauka sauti, siku mbili anawauzia wateja kwa ishara.

Jumamosi Kholood akataka kutukodia gari la kunipeleka Mkange na maua. Nikasema kwa nini, gari ninalo. Nimeendesha mimi, bwana harusi pembeni, Mwanajuma nyuma amejaa na masufuria. THURAYA HALUA wazi mbele, limeoshwa, linang'aa. Makurunge watoto walikuwa wamejipanga. Walipoona pua iko wazi, wakapiga kelele, "Limetoka eda!" Nikapiga honi njia nzima. Daraja la Wami tulilivuka bila kupunguza mwendo, na kobe hakuonekana. Yule mtu wa mkaa nilimpita, nikampungia. Mazin, kazi yako iko salama.

Na Alawi amefika, juzi, amenenepa. Barua yako ya tarehe kumi na saba Machi imefuliwa na koti, lakini wino umeshika. Niliifungua garini, uani kwa mume wangu, gari limechomekwa linajichajia, ule ukimya wake. Ukurasa wa kwanza unacheka kama wewe. Ukurasa wa pili nikasoma kwamba baba yako, mwaka ule wa mwisho pale hospitali, alikushika mkono akakwambia, "Ukija kuulizwa juu ya Thuraya, usijibu nilivyojibu mimi," na wewe hukumuelewa, ulidhani ni homa, mpaka ulipoisoma barua yangu.

Sijui nilikaa mle kwa muda gani. Mwinyijuma aliniona kwa kioo nimeinamia usukani, akaja anakimbia na miaka yake yote, akafungua mlango akachungulia dashibodi.

Akaniuliza, "Taa gani imewaka, mke wangu?"

Nikamwambia hakuna taa. Nikamsogezea karatasi, akatoa miwani, akaanza kusoma.

Shangazi yako,
Thuraya wa Mkange